Don Carbón Hakuitikia

Al Nahda, Dubai
Ijumaa, baada ya chakula cha mchana

Baba, shikamoo.

Nimeandika hivyo, nikaweka kalamu chini, nikangoja. Ni mazoea tu. Baba za watu wengine huitikia mara moja wakaendelea na gazeti. Wewe ulikuwa unasema "marahaba, marahaba, marahaba," na ile ya tatu unaivuta mpaka Mama anapiga kelele jikoni, "Mwachie mtoto avue viatu!" Leo kinachosikika ni kiyoyozi. Tangu uondoke hakuna aliyekifungua kukisafisha, na sasa kinadondosha maji kwenye zulia. Tumekiwekea beseni. Ungeona aibu, fundi mzima, nyumba yako kukingwa beseni.

Mama alinifundisha kwamba barua huanza na salamu, ikafuata hali ya nyumbani, ndipo lije jambo lenyewe. Nitafuata hivyo hivyo. Ukiona nachelewa kulifikia jambo, ujue ni aibu inayonichelewesha.

Hali ya nyumbani ni hii. Mama ni mzima. Yuko eda, lakini shehe amemruhusu kwenda zahanati mchana, kwa kuwa viza zetu sote ziko chini ya kazi yake. Akirudi anaingia chumbani moja kwa moja, haonani na mgeni. Sebuleni tumetundika pazia, na nusu ya chumba amepanga Anti Nakato, Mganda, mlinzi kwenye mnara mmoja kule Jumeirah Lake Towers. Ungempenda, ana maneno kama wewe. Siku aliyohamia aliitazama picha yenu ya harusi ukutani akasema, "Huyu mzee alikuwa na kichwa ya muziki." Nikamwuliza amejuaje. "Masikio, nyabo. Angalia hiyo masikio. Hiyo si ya kukaa ofisi." Nyabo ndiyo bibie, kwao.

Arobaini yako imepita. Walisoma hitma hapa hapa, wanaume sebuleni, wanawake chumbani. Mama alipika pilau kidogo akaungua mkono, akasema ni mvuke, lakini mimi nilimwona. Alishika sufuria bila kitambaa kama mtu aliyesahau kwamba moto unaunguza.

Kikopo cha piko yako ya ndevu bado kipo juu ya sinki. Kimekauka. Sijaweza kukitupa.

Unakumbuka zile Alhamisi zetu? Unakaa kwenye kigoda cha plastiki, taulo mabegani, nami nakupaka ndevu kwa mswaki wa zamani, unywele mmoja mmoja, kwa sababu Don Carbón, yule uliyekuwa jukwaani, alikuwa kijana na wewe ulikuwa baba wa msichana wa sekondari. Wakati piko inashika rangi tunafanya masomo. Wewe unanisikiliza historia, mimi nakusikiliza Kihispania. Unaweka CD, unaimba mstari, mimi nausahihisha. "Baba, ni korasón." Unasema, "Koroshoni." "Korasón, Baba!" "Ndiyo, koroshoni, kule Mtwara." Mama anacheka mpaka anakaa sakafuni. Maana ya nusu ya maneno yale hatukuijua, si wewe wala mimi. Tulijua tu yanavyolia.

Nimekuwa nikijiuliza lini hasa ilianza, na kila nikirudi nyuma nafika kwenye ile ngazi yako. Hukwenda hotelini kuimba. Kampuni ilikutuma kutengeneza kiyoyozi cha kilabu, ukapanda ngazi, kichwa chako kikawa ndani ya dari, na wewe ukiwa kazini huwezi kunyamaza. Mwaka ule muziki wa regetoni ulikuwa kwenye kila gari la Al Nahda, ule mdundo unaorudi rudi kama mtu anayegonga mlango na hataki kuambiwa wenyewe hawapo. Ulikuwa unauimba kwa maneno ya kubuni. Mista Fadi, meneja, akasimama chini ya ngazi akasikiliza. Uliposhuka, umejaa vumbi mpaka kwenye kope, alikuzunguka kama mtu anayenunua kabati, akauliza, "Wewe unaweza kuwa wa Panama?" Ukamjibu, "Mimi wa Tanga, bosi." Akasema, "Usiku hakuna wa Tanga."

Ndiyo ukawa Don Carbón. Jina alikupa Mista Fadi, maana yake nikaitafuta mimi kwenye kamusi ya maktaba ya shule, nikarudi nyumbani nimeifunga mdomoni. Uliponibana nikakwambia, "Baba, maana yake ni makaa." Ukacheka. "Babu yako aliuza makaa Pongwe maisha yake yote. Mimi nimeendelea. Najiuza mwenyewe."

Nilicheka pia. Nilikuwa sijui bado kama ile si mzaha.

Sitakudanganya, Baba, nilipenda kukuona ukitoka. Koti jeupe, kofia, miwani ya jua wakati jua limeshazama, mkufu ule mkubwa uliokuwa unaacha alama ya kijani shingoni. Ulikuwa unabadilika pale pale mlangoni. Mabega yanapanuka, hatua inakuwa ya mtu ambaye barabara imejengwa kwa ajili yake. Bango lako lilikuwa limesimama nje ya hoteli, refu kuliko mlango wetu, na tukipita na basi nilikuwa naligeukia mpaka shingo inauma. Abiria wengine nao waligeuka. Nilitamani kuwaambia kwamba kwenye zile ndevu nyeusi kuna mkono wangu.

Lakini ndani ya nyumba tulijua mengine. Mista Fadi alikuwekea sharti moja tu: nje ya jukwaa usiseme. Nyota haizungumzi, habibi, ukifungua mdomo wako khalas. Kwa hiyo wewe, mtu ambaye Tanga nzima ilikujua kwa soga, ulitembea Dubai umefunga mdomo. Kwenye lifti Mtanzania mwenzetu akisema "habari za leo, bwana," ulikuwa unainua kidevu tu, naye anashuka amekasirika. Siku ile mama mmoja wa Kolombia alipokufuata dukani anakumiminia Kihispania kwa furaha, ulishika koo, ukatikisa kichwa, kama mtu aliyepotelewa na sauti. Akakuonea huruma. Akakupa kopo la pipi za koo. Ndilo lile kopo ulilokuja kuwekea vidonge vya presha, ili hotelini wasijue kwamba Don Carbón ana ugonjwa wa wazee. Mama alikwambia, mimi nikiwa nasikia, "Hamisi, moyo hauvai koti." Ukamwambia, "Mkataba ukiisha napumzika, inshallah." Na kabla haujaisha wakauongeza, na wewe ukafurahi.

Sasa nakaribia jambo lenyewe, na bado nalizunguka.

Kuna siku hukuniitikia. Moja tu. Ilikuwa kwenye duka la CD, walipokuweka mezani usaini mabango. Mama alinikataza nisisogee. Lakini Shirin, rafiki yangu wa darasani, yule Muirani, alikuwa amenishika mkono, tukaingia kwenye foleni. Nilijiambia nitachukua saini kama wengine na kuondoka. Nilipofika mbele yako, Baba, sikuweza. Mtu hafiki mbele ya baba yake akaondoka bila kumwamkia. Mdomo ulifunguka wenyewe. "Shikamoo, Baba."

Ulikuwa umeinamia bango. Kalamu ilisimama. Mista Fadi alikuwa nyuma yako, akauliza, "Amesema nini huyu?" Ukainua mabega kama usiyejua. Ukasaini Don Carbón, ukanisogezea, ukamtazama aliyekuwa nyuma yangu.

Nje Shirin akaniuliza nilikuambia nini, na kwa lugha gani. Nilikuwa na bango mkononi na uso unawaka. Nikasema, "Ni lugha yetu. Ya Panama." Akafungua macho. "Yule ni baba yako?" Nikasema ndiyo, lakini haruhusiwi kusema. Yaani kila kitu kilichoniumiza nilikigeuza kikawa sifa. Kesho yake shule nzima ilijua kwamba baba yangu ni Don Carbón wa Panama na kwamba kuna siri. Nilipita kwenye korido kwa hatua zako, mabega wazi. Ilikuwa tamu. Ndiyo inayonitia aibu, kwamba ilikuwa tamu.

Nawe jioni ya siku ile ya dukani, kabla hujaenda kazini, ulinikuta nafunga viatu mlangoni. Sijasema neno. Ukasimama na koti lako jeupe ukasema, "Marahaba, marahaba, marahaba." Halafu ukasema polepole, "Ile ya dukani nilikuwa nayo mdomoni, mama." Ukatoka.

Kuhusu siku yenyewe sitaandika mengi. Walituambia uliimba mpaka mwisho, ukainua mkono, ukashuka, ukaanguka nyuma ya pazia watu wakiwa bado wanapiga makofi. Mista Fadi aliwatangazia kwamba Don Carbón amewahi ndege kwenda Miami. Kesho yake ukazikwa. Mimi na Mama hatukwenda makaburini, tulikaa chumbani tukisikiliza wanaume wakitoka. Walikuja wa msikitini na wale mafundi wenzako wa zamani. Kati ya wote waliowahi kukupigia makofi hakuja hata mmoja, na siwalaumu, kwa sababu wa kwao alikuwa hajafa.

Kwenye hitma walikutaja vizuri. Marehemu Hamisi, fundi viyoyozi, mtu wa watu. Kilabu hakikutajwa. Mama aliwaomba. Mimi sikusema kitu, kwa kuwa shuleni nilikuwa nafanya hivyo hivyo kwa upande wa pili.

Jambo lenyewe, Baba.

Alhamisi iliyofuata Don Carbón aliimba. Jina ni la hoteli, koti ni la hoteli, hata bango hawakulibadilisha, maana kofia na miwani vimeficha uso wote. Nilikuwa nimerudi shule, nimewaambia nilikuwa na homa. Shirin akanijia mbio. "Kaka yangu amemwona baba yako Alhamisi! Ameshuka jukwaani akampa mkono!" Na mimi, binti yako uliyenifundisha kusema kweli hata kwa mwenye duka aliyezidisha chenji, nilisema, "Kweli? Alivaa lile jeupe?"

Nilisema hivyo. Udongo wako ulikuwa haujakauka.

Nilidhani litapita. Halikupita. Kila Alhamisi ulifufuka na kila baada yake niliulizwa habari zako nikajibu nzuri. Sasa shule ina Siku ya Mataifa, Jumapili hii. Kila mmoja alete kitu cha kwao. Darasa zima likamwambia Miss Anita, mwalimu wetu, kwamba mimi nina baba wa kuleta. Miss Anita ni mtu mpole sana. Aliinama mpaka usawa wa macho yangu akauliza, "Baba yako anaweza kuja kutuimbia, hata wimbo mmoja?"

Nikamjibu, "Nitamwuliza."

Ndiyo sababu ya barua hii. Niliahidi kukuuliza. Nakuuliza.

Ngoja, kuna jingine, na ni baya zaidi. Juzi Anti Nakato alikuja na mgeni. Mama alikuwa chumbani kwenye eda yake, pazia la mlango limefungwa. Mgeni ni kijana mrefu, mpole, anaitwa Okello, mlinzi mwenzake kwenye ule mnara. Alikaa ukingoni mwa kiti kama kiti kina mwenyewe. Anti Nakato akamsukuma bega. "Sema wewe! Kwa jukwaa unaruka kama mbuzi, hapa unaogopa katoto?"

Ni yeye, Baba. Ndiye Don Carbón.

Alisema, "Mimi niko mlango ya Tower mchana yote. Wale watu wananipigia makofi Alhamisi, Jumapili asubuhi wanapita kwangu, hawaangalii, wanasema tu, wewe, fungua." Halafu akasema Mista Fadi anamgombeza kila siku kwamba maneno yake hayalii kama ya yule wa kwanza. Alisikia kwa Anti Nakato kwamba yule wa kwanza alifundishwa na bintiye. Kwa hiyo amekuja, kama sitaona vibaya, nimfundishe.

Nilitaka kumchukia. Lakini alikuwa amevaa viatu vya kazi vimepasuka pembeni, na alipoinuka kwenda kuosha mikono nilimwona anajaribu kuinua mabega yake mbele ya kioo chetu kidogo, yanashuka, anayainua tena. Nikamfundisha. Tukaweka CD yako. Mstari ule wa korasón ulimshinda, nikamwambia hata wewe ulikuwa unasema koroshoni, akacheka kwa mara ya kwanza.

Anti Nakato ndiye aliyeropoka habari za Siku ya Mataifa. Okello akasema, "Nitakuja. Wewe umenisaidia. Nitavaa yote. Hakuna mtu atajua."

Nikamwambia ndiyo.

Nikafanya zaidi. Nikamwambia, "Nikikuona getini nitakuamkia shikamoo, Baba. Wewe useme marahaba." Akauliza mara ngapi. Nikasema tatu. Akafanya mazoezi pale kwenye kiti chako, marahaba, marahaba, marahaba, kwa Kiswahili chake cha Kampala, na mimi nikamsahihisha jinsi ya kuivuta ya tatu. Nyuma ya pazia chumbani Mama alikuwa kimya. Sijui kama alisikia. Naogopa kwamba alisikia.

Aje, Baba? Nikimzuia, lazima niwaambie darasa zima kwamba wewe si wa Panama, na kwamba umekufa, na kwamba nimekaa na kifo chako mfukoni wiki zote hizi ili niendelee kupita kwenye korido. Akija, hakuna atakayejua. Wewe peke yako utakuwa umekufa zaidi kidogo.

Nasikia funguo. Nitamalizia baadaye.


Jumanne

Baba, nimerudi.

Alikuja. Nilikuwa nasubiri getini na wasichana wa darasa letu, Shirin mbele. Teksi ikasimama, ikashuka suruali nyeupe, koti, mkufu, miwani. Mikono ya lile koti ni mifupi kwake, kifundo chote kiko nje, lakini ni mimi niliyeona. Wengine walipiga mayowe. Mlinzi wa shule, ambaye huwa hamsalimii mtu, alimfungulia geti lote. Na Okello, Baba, alitembea vizuri. Mabega yalikaa. Alikuja mpaka mbele yangu akasimama kama tulivyopanga, na nikaona midomo yake imeshajiandaa.

Ilibaki zamu yangu.

Nilifungua mdomo. Shikamoo ilikuja mpaka mahali fulani hapa kooni ikakaa. Nilijaribu tena. Niliweza kukubali kwamba mtu mwingine avae koti lako, achukue jina lako na makofi yako, maana hata wewe uliazimwa tu. Lakini "shikamoo, Baba" haikuwa ya hoteli. Pale dukani ilitoka bila mimi kuitaka, na hapa niliitaka kwa nguvu zangu zote ikakataa.

Shirin akanong'ona, "Mwamkie. Kwa ile lugha yenu."

Okello alikuwa ananitazama nyuma ya miwani. Nadhani aliona. Akasema taratibu sana, watu wasisikie, "Nyabo, niende?"

Nikatikisa kichwa. Nikasema, kwa sauti iliyotoka kubwa kuliko nilivyotaka, "Karibu, kaka Okello." Halafu nikamgeukia Shirin. "Huyu si baba yangu."

Alicheka kwanza. Alidhani ni sehemu ya ile siri. "Na yule aliyempa kaka yangu mkono?"

"Ni huyu."

"Na baba yako?"

"Amezikwa."

"Lini?"

"Kabla hujaniambia kwamba kaka yako kamwona."

Hapo hakucheka tena. Wasichana wengine walisogea mmoja mmoja. Nikawaambia yote nikiwa nimesimama pale pale getini, juani, bila mpangilio: kwamba si wa Panama, ni wa Tanga, Tanzania. Kwamba ile lugha ni Kiswahili. Kwamba alikuwa fundi viyoyozi na pia alikuwa Don Carbón, wa kwanza, na ndevu zake nilizipaka rangi mimi. Kwamba jina lake ni Hamisi. Nilisema jina lako mara nyingi, Baba, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nilikuwa nalia lakini sikuacha kusema, nikihofia kwamba nikinyamaza nitatunga tena kitu.

Nilikuwa sijamfikiria Okello. Nilikumbuka nimeshamaliza, kwamba nimemvua nguo mbele ya shule nzima. Nikageuka kumwomba radhi. Alikuwa ameshavua miwani mwenyewe. Anayo macho ya kitoto. Akasema, "Sawa tu. Hata mimi ilikuwa inanibana."

Miss Anita alinipeleka kivulini akanipa maji. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Umebeba hili peke yako?" na hilo lilinishinda kuliko kugombezwa. Kisha akamwuliza Okello kama bado angependa kuimba. Okello akaniangalia mimi. Nikasema aimbe.

Aliimba bila kofia, bila miwani, uani, na redio ya walimu. Alipofika kwenye ule mstari nilimtazama mdomo. Akaimba, kwa sauti kubwa, macho kwangu, "koroshoni."

Baba, nilicheka. Kamasi na machozi na yote. Hakuna mwingine aliyejua ninacheka nini.

Shirin hakuniaga siku ile, na jana alikaa dawati jingine. Ni haki yake. Kuna wasichana wawili wanaoniita Panama nikipita, "Hola, Panama!", na wanajua linauma. Naitika. Okello hajui Mista Fadi atasemaje. Labda hajasikia, labda amesikia anangoja Alhamisi. Anti Nakato anasema wakimfukuza mlango wa mnara upo, "na mlango haijali kama wewe ni nani." Nimemwambia Okello bado nitamfundisha, akitaka. Nina sharti moja, nimemwekea kama Mista Fadi alivyokuwekea wewe: akiwa na watoto siku moja, wakimwamkia mbele ya watu, popote, aitike.

Mama nilimwambia Jumapili ile ile, aliporudi zahanati. Nilisimama mlangoni kwake, sikuweza kukaa. Alisikiliza mpaka mwisho, na ndiyo, ile siku ya mazoezi alisikia kila kitu nyuma ya pazia. Nikamwuliza kwa nini hakutoka kunipiga. Akasema, "Nitoke niseme nini? Mimi nimewaomba msikiti mzima wasitaje kuimba kwake." Halafu akasema kwamba amekuonea haya miaka yote ukiwa hai, halafu akaanza kukuonea haya hata ukiwa umekufa, na kwamba hataki nijifunze kwake. Tulikaa kitandani kwako. Alikuwa ameshika mkono wangu kwa ule mkono wake ulioungua.

Leo mchana Shirin alirudi dawati letu. Hakusema pole. Alipanga kalamu zake zote kwanza, halafu akauliza bila kuniangalia, "Lile neno ulilomwambia dukani, maana yake nini hasa?" Nikamweleza kwamba ni salamu, humwambia mkubwa wako kwa heshima, naye lazima aitike. Akafikiri. "Na yeye hakuitika." Nikasema, "Aliitika nyumbani."

Baba, nimemaliza jambo lililonifanya niandike, na bado sitaki kufunga barua. Kesho nitaomba Okello ashike ngazi nifungue kiyoyozi. Nilikuona ukifanya mara nyingi, nadhani naweza. Kikopo cha piko nitakitupa, si leo. Eda ya Mama ikiisha tutakuja makaburini pamoja, tumeshaelewana na wale mafundi wenzako watuonyeshe ulipo. Na nakuahidi hili: atakayeniuliza baba yangu nani, awe msikitini au shuleni, nitamtaja mzima, na ngazi yake na jukwaa lake, Tanga na makaa ya babu. Sitamkata vipande tena ili mimi nipendeze.

Pumzika sasa. Mdomo wako uko huru, sema na wote walioko huko mpaka wakuchoke.

Shikamoo, Baba. Wala usijisumbue kuitika. Zile tatu za mlangoni bado ninazo.

Binti yako,
Zuhura Hamisi